Mlima wa Saranda: Habari ya Mtu wa Uwandani

Mtu atokaye Dodoma kwenda magharibi kwa barabara kuu ya Singida, akiisha kwenda yapata kilomita 55, hufika kwetu Bahi. Nchi yetu ni uwanda mtupu. Mtoto akisimama mlangoni pa kwao humwona mgeni angali mbali sana, naye humjua kwa mwendo wake kabla hajaujua uso wake. Mto Bubu hutujia toka kaskazini, ukifika kwetu hutandaa na kuwa bwawa. Maji yake hayaendi baharini, bali hukaa papa hapa mpaka jua liyanywe. Wakati wa mvua watu hulima mpunga na kuvua kambale. Wakati wa kiangazi hubaki tope lililopasuka, na mibuyu, na vumbi. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kutazama mbele, wala hatukuzoea kutazama chini.

Walakini ukisimama Bahi na kuelekeza macho machweo ya jua, waona mstari mrefu wa rangi ya samawati, kama ukuta uliojengwa kuzuia nchi isiendelee. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Bahi, Kintinku na Makutupora ziko chini bondeni. (Makutupora hii ni ile ya upande wa Manyoni, si ile iliyo karibu na mji wa Dodoma.) Manyoni iko juu, na Kilimatinde, penye hospitali ya zamani ya misheni, iko juu ya ukingo huo huo. Kati ya chini na juu ndiko Saranda, na hapo ndipo barabara iachapo unyofu wake na kuanza kupinda.

Misafara ya zamani iliupanda ukingo huu ikitoka Ugogo kwenda Unyanyembe. Burton na Speke walipita katika mwaka 1857, na Stanley katika mwaka 1871. Na baada ya kupanda waliingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa sababu ya kiu. Wao waliogopa kukosa maji. Mimi naliogopa jambo jingine, na habari yake ndiyo nitakayo kuwasimulia, kwa kuwa najua kwamba katika nyumba nyingi yuko mtu mmoja mwenye hofu kama yangu, naye huificha.

Katika mwaka 1983, nikiwa mwalimu kijana, nalipanda lori kwenda Manyoni kumtembelea dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko. Barabara haikuwa na lami siku zile. Nalikaa juu ya magunia, ubavuni mwa lori, upande wa bonde. Tulipofika katikati ya mlima lori lilishindwa, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Utingo akaruka na kutia jiwe nyuma ya gurudumu, na lori likatulia. Hakuna aliyeumia. Wenzangu walicheka, wakashuka, wakasukuma, tukaendelea. Lakini mimi nalikuwa nimetazama chini, nikaona vilele vya miti chini ya miguu yangu, na tangu saa ile kitu fulani ndani yangu kilikataa.

Kurudi nalirudi kwa garimoshi. Na tangu siku ile, kwa muda wa miaka 29, sikuupanda mlima ule tena kwa gari. Nilipotaka kumwona dada nalingoja garimoshi. Watu waliponiuliza, nalisema kwamba garimoshi lina nafasi ya kunyosha miguu, au kwamba nauli yake ni nafuu. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Ndugu zangu, hofu hujifunza kusema kwa adabu sana. Huvaa nguo za busara, na mwenye nayo mwenyewe huisadiki.

Katika mwaka 2012, siku ya Jumatatu alfajiri, mpwa wangu alinipigia simu toka Manyoni, akasema, “Mjomba, mama amezidiwa, naye anakutaja. Njoo.” Toka Bahi mpaka Manyoni ni yapata kilomita 70. Barabara ilikuwa imekwisha kutiwa lami, na mabasi yalipita tangu asubuhi. Kama ningalisimama kando ya barabara saa moja, kabla ya saa nne ningalikuwa kitandani pake. Nalikwenda nikasimama. Basi la kwanza likaja, likasimama, utingo akanifungulia mlango. Nami nikamwambia kwamba namngoja mtu. Basi la pili nalo likapita. Kisha nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba nitakwenda kwa garimoshi. Siku zile garimoshi la abiria halikupita kila siku. Nalifika Manyoni siku ya Alhamisi. Dada alikuwa amezikwa Jumatano jioni.

Mpwa wangu hakunilaumu. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunawa, akasema, “Mjomba, pole kwa safari.” Neno lile lilinichoma kuliko lawama.

Niliporudi Bahi nalimwendea jirani yangu, mzee aliyekuwa dereva wa malori miaka mingi, sasa amestaafu na kufuga mbuzi. Nikamwambia yote, hata habari ya utingo aliyenifungulia mlango. Nalidhani atacheka, wala hakucheka. Akaniuliza, “Mwalimu, garimoshi lipandapo Manyoni, lapita wapi?”

Nikanyamaza. Akaendelea, “Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Tabora mwaka 1912, kati ya miaka hiyo Wajerumani waliipandisha kwenye ukingo huo huo unaouogopa. Wewe umeupanda mlima mara nyingi sana, umekaa dirishani unakula karanga. Basi huogopi mlima. Waogopa nini?”

Nalifikiri siku nyingi juu ya swali lile. Mwisho nikaona kwamba nalikuwa naogopa kuchukuliwa na kitu nisichokijua, mkononi mwa mtu nisiyemjua, mahali ambapo kosa moja halina nafasi ya kusahihishwa. Garimoshi lina njia yake ya chuma, nami nalijua haliwezi kupinda likitaka. Gari lina usukani, na usukani una mtu. Mzee akasema, “Basi tuanze kukijulisha kitu usichokijua.”

Akanifundisha kazi ya gari mlimani kama nilivyofundisha hesabu darasani. Akasema dereva mwema ashukapo mlima hatumii breki peke yake, kwa kuwa breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupungua nguvu, mpaka mwisho huweza kukosa kushika kabisa. Hutia gia ya chini kabla hajaanza kushuka, ile ile ambayo angaliitumia kupanda, na injini yenyewe hulizuia gari. Breki huzigusa kidogo kidogo tu. Ndiyo maana lori lenye mzigo hushuka likinguruma, nasi tusiojua huogopa ngurumo ile. Kumbe yatupasa kuogopa gari zito lishukalo kimya. Tena kwenye pindo dereva mwema hupunguza mwendo kabla ya kuingia, si akiwa katikati, wala halipiti gari jingine mahali asipoona mbele.

Kisha tukafanya safari zetu, ndogo ndogo. Safari ya kwanza tulikwenda mpaka chini ya mlima tu, tukakaa chini ya mti tangu asubuhi hata adhuhuri, tukatazama magari yakipanda na kushuka. Aliniamuru niseme kila moja limetiwa gia ya chini au sivyo, kwa kusikiliza. Safari ya pili tulipanda kwa miguu kando ya barabara, polepole, mpaka pindo la kwanza, tukasimama pale. Moyo ulipiga sana, mikono ikatoka jasho. Nikasema, “Mzee, turudi.” Akajibu, “Tutarudi, lakini si sasa. Ngoja kwanza moyo utulie, ndipo turudi. Ukikimbia sasa, hofu itajua kwamba imeshinda, na kesho itakuja na nguvu zaidi.” Tukangoja. Nikavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kama alivyoniambia. Yapata robo saa, moyo ukatulia wenyewe. Hilo lilikuwa jambo jipya kwangu, kwamba hofu hupanda kama maji ya mto wa mvua, lakini ikiachwa bila kukimbiwa, nayo hushuka.

Baadaye nalisikia waganga wa mambo ya akili wakifundisha neno hilo hilo: kila mara mtu aepukapo kile akiogopacho, hupata raha ya saa moja, lakini huilisha hofu yake, na dawa ni kukikaribia kwa hatua ndogo, tena na tena, bila kulazimishwa ghafula. Mzee wangu hakusoma vitabu hivyo. Aliyajua kwa kufundisha matingo vijana.

Safari ya tatu tulipanda katika gari dogo la jamaa yake, mchana, nami nikakaa mbele. Safari ya nne nalipanda basi, yeye kando yangu. Safari ya tano nalipanda peke yangu, nikaenda mpaka kaburini kwa dada, nikakaa pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Sitaandika niliyomwambia.

Sasa yako mambo machache niliyojifunza, nami nayaweka hapa kwa faida ya nyumba zenu. La kwanza: kaa mbele, au karibu na mbele, utazame njia iliko mbali, wala usifumbe macho. Ndani ya sikio kiko kiungo kiujuacho mwendo na mzunguko wa mwili, gari lipindapo sikio husema, “Twageuka,” na macho yaliyotazama kitabu au kiti cha mbele husema, “Tumetulia.” Ubongo ukipata habari mbili zisizopatana, mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na kichefuchefu hudhaniwa kuwa hofu. La pili: usisafiri na tumbo tupu kabisa, wala tumbo lililojaa. La tatu: ukiweza kuchagua, kaa upande wa mlima, si upande wa bonde, haya si aibu. La nne: mwambie mwenzako mmoja kwamba waogopa. Hofu iliyotajwa hupungua uzito, na iliyofichwa huongezeka.

Haya si mambo ya Saranda peke yake. Yako Kitonga kwa waendao Iringa toka Morogoro, na Nyang'oro kwa waendao Iringa toka Dodoma kwa njia ya Mtera, na Sekenke kwa waendao Igunga toka Singida, na njia ya kupanda Lushoto. Hata ng'ambo yako. Kijana niliyemfundisha zamani hufanya kazi ya upishi katika meli moja kubwa ya watalii, zile ziwachukuazo watu kutoka bandari hata bandari, nao hushuka pwani kwa siku moja kutazama nchi. Aliniandikia juu ya pwani ya Amalfi, katika Italia, ambako barabara iliyochongwa karne ya 19 yapita ubavuni mwa majabali, bahari ikiwa chini kabisa, na mabasi hupishana kwa shida. Alisema wako abiria waliolipa fedha nyingi kuja kuiona pwani ile, nao siku ya kushuka hubaki melini wakisema wana kazi ya kuandika barua. Wengine huwaza sana kwamba gari likichelewa huko milimani, meli itang'oa nanga bila wao; basi hofu zinakuwa mbili. Na wengine huiacha barabara, wakapanda mashua toka Salerno mpaka Amalfi. Niliposoma hayo nalicheka peke yangu, kwa kuwa nalijua: garimoshi lilikuwa mashua yangu.

Wala sisemi kwamba mashua ni dhambi. Mtu akipenda kwenda kwa mashua na aende. Lakini ajue mwenyewe kwa nini, asije siku moja akaitwa mahali ambako mashua haifiki upesi.

Sasa neno la mwisho, nalo kwangu ndilo kubwa. Watu wengi hudhani kwamba kuponywa hofu ni kutoogopa tena. Mimi sivyo. Katika mwaka 2017 nalikuwa natoka Manyoni katika arusi ya mjukuu wa dada yangu. Basi lilikuwa limejaa. Dereva alikuwa kijana, amechelewa, naye alishuka mlima kwa mwendo mkubwa. Nikasikiliza injini; haikunguruma. Nikasikia breki zikilia, kisha nikasikia harufu yake. Mbele yetu kulikuwa na lori la mizigo, naye akatoka upande wa pili alipite, nasi tukilikaribia pindo.

Moyo wangu ulipiga kama siku ya lori lile la 1983. Lakini safari hii nalijua hofu hii ni ya namna nyingine. Ile ya kwanza ilisema tu, “Chini ni mbali.” Hii ilisema, “Breki zina moto, na mbele hakuonekani.” Nikasimama, mimi mwenye woga, nikasema kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia darasani, “Dereva! Rudi nyuma ya lori, utie gia ya chini. Breki zako zanuka.” Watu wakageuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, “Mwanangu, msikilize baba.” Kisha sauti zikawa nyingi. Kijana akarudi nyuma ya lori. Na kabla hatujafika kwenye pindo, basi jingine likatokea kwa mbele, likipanda, likapita upande ule tuliouacha.

Hakuna aliyesema neno. Tukashuka nyuma ya lori polepole, injini ikinguruma. Tulipofika chini dereva akasimamisha gari, akazunguka akatazama magurudumu, akakaa yapata nusu saa kungoja breki zipoe. Kisha akaja kwangu akasema, “Mzee, nisamehe.” Nikamwambia, “Mwanangu, sote twataka kufika.”

Basi, ndugu zangu, hofu ni mbili. Iko ituonyayo, na hiyo tuisikilize, tena tuiseme kwa sauti. Kuona haya mbele ya dereva si adabu, ni hatari, na nauli uliyolipa haikununua kimya chako. Tena iko hofu itudanganyayo, ambayo hutuonyesha urefu wa chini tu na kutuficha kitanda cha ndugu atungojaye juu. Hiyo tusiitukane, wala tusimcheke aliye nayo, maana kicheko hakijampandisha mtu mlima. Bali tuikaribie hatua kwa hatua, pamoja na mwenzetu mwenye subira. Tofauti ya hofu hizi mbili haijulikani kwa kukaa nyumbani. Hujulikana kwa kujifunza kazi ya kitu tukiogopacho.

Yule mzee wa mbuzi angali hai, naye huketi mlangoni pake jioni. Nikipita humwambia, “Mbukwenyi,” naye hunijibu, kisha huniuliza kama nimepanda mwezi huu. Naam, hupanda karibu kila mwezi. Ufikapo juu ya Saranda, ukageuka kutazama ulikotoka, waiona nchi yote ya Bahi imetandikwa kama mkeka: bwawa lang'aa kama ni wakati wa mvua, mashamba ya mpunga ni ya kijani, na vumbi la ng'ombe hupanda mbali sana. Miaka 29 nalikaa ndani ya nchi ile nisiione. Dada yangu aliiona kila asafiripo kuja kwetu, naye aliniambia mara nyingi kwamba ni nzuri. Sasa naijua, nami humwambia kwamba alisema kweli.